Edouard na Mlango wa Elfu Nane

Edouard hubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mke wake alinithibitishia: anasimama barazani, anagonga, anangoja, na watoto wakiwa wamelala anaendelea kungoja. Njiani akikutana na mbuzi wa watu, yeye ndiye anayepisha. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake kupitisha treni moja na kusimamisha nyingine, na nadhani mtoto alirithi kupisha bila kurithi treni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa seva ya redio yetu aitunze, mwaka ule wa 2017, wakati watu wa bara waliokimbia vita walikuwa wanaingia Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, kila siku na magodoro vichwani, na madarasa yamejaa familia badala ya wanafunzi. Mimi ni Victorine, mtangazaji. Hasira zangu ziko karibu, najua, sihitaji kuambiwa. Na Mungu kwa kutaka kujifurahisha akanipangia meza moja na Edouard.

Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta ambayo kazi yake ni kungoja wageni. Wanakuja kwa njia ya antene, wanabisha, inawapa walichofuata. Yetu ilikaa chini ya meza, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wa Edouard kwa ajili ya vumbi, na ndani ilikuwa na Linux, programu inayoiendesha. Edouard aliweka humo huduma ya kurusha redio yetu mbali, ili watu wetu wa Kigoma na wale walioko Ulaya watusikie. Sasa, kila huduma ndani ya mashine ina mlango wake wenye namba. Mafundi wanauita porti. Redio ya Edouard ilipokea wageni kwenye mlango wa elfu nane.

Halafu akaja Farida. Ni binti wa wale Waislamu wafanyabiashara wa ziwani, amesoma Kigoma, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alikuwa ametengeneza kitu alichokiita Sauti za Jamaa. Mkimbizi anaongea kwenye simu yake akiwa kambini, sauti inahifadhiwa, na ndugu yake aliye mahali pengine anaifungua, anaisikiliza, anajibu. Kule Ankoro, mbali bara, parokiani, Sista Élisabeth alikuwa na antene na kompyuta moja. Sista hajui namba wala anwani. Anajua alama iliyo katikati ya skrini, anaibonyeza, sauti zinafunguka. Nyuma ya alama hiyo palikuwa pameandikwa mlango wa Farida.

Huduma ya Farida iliishi kwenye kompyuta yake ndogo mpaka siku mvua ilipopita kwenye bati la biro, ofisi yetu, ikaimwagikia. Edouard akamwambia hamisha vitu vyako, karibu kwenye seva, jisikie kwako. Hakumuuliza utatumia mlango upi. Kumuuliza mgeni atalala upande gani wa kitanda si adabu. Farida naye hakuuliza mwenye nyumba anatumia upi, kwa sababu ileile. Naye alitumia elfu nane, ndiyo iliyoandikwa nyuma ya alama ya Sista.

Mlango mmoja haupokei huduma mbili. Kila asubuhi Papa Kizito, mlinzi wetu, alipowasha jenereta, mashine iliamka na huduma zote mbili zikaukimbilia mlango. Iliyotangulia ilikaa. Iliyochelewa iliandika Kifaransa chake, « Adresse déjà utilisée », yaani hapa pana mtu tayari, kisha ikalala mpaka kesho. Kwa hiyo siku moja Kigoma walitusikia na wakimbizi wakakosa sauti zao, siku nyingine wakimbizi wakasikilizana na Kigoma wakatupigia simu kuuliza kama tumetekwa. Direkteri wetu, Papa Adalbert, alisema huo ni mkono wa adui. Akamwamuru Papa Kizito akague kila mkoba unaoingia. Papa Kizito alikuta kwenye wangu mihogo ya kuchemsha, akaikagua mpaka ikaisha.

Ningecheka na kusahau, kama si mama yangu.

Mama Pascasie alikuwa ameenda Ankoro kumlilia marehemu kaka yake kabla vita havijafika kwetu Niemba. Nyuma yake kijiji kiliungua. Sisi wote tuliobaki tulikimbilia Kalemie, wazima, namshukuru Mungu. Yeye hakujua lolote, na alikuwa na karanga zake shambani zinazomwita. Akapata wachuuzi wa baiskeli wanaoondoka Ankoro Jumapili baada ya misa, akapanga kufuatana nao mpaka nyumbani. Wakati ule kati ya Ankoro na Niemba palikuwa na mishale na bunduki, na nyumbani penyewe palikuwa majivu. Simu za kule zilikuwa zimekufa tangu antene ya kampuni iangushwe.

Ilibaki foni ya mapadri, ile redio ya kuitana, iliyoniletea habari za safari hiyo. Nilienda, nikaomba, nikapewa, nikaongea na mama yangu mwenyewe. Ukiongea kwenye foni sauti inatoka kama unakaanga kitu. Nilimwambia usirudi, ni miye Victorine. Nikamsikia akimwambia Sista:

“Uyu hapana mutoto yangu. Victorine hasemaka na pua.”

Nikaongea tena kwa nguvu, ikawa mbaya zaidi.

“Kwa foni walishaita watu wengi na bongo,” alisema mama. “Waliendaka, hawarudie. Miye nataka kusikia mutoto yangu mu mashini ya Sista, kule sauti njo ya muntu.”

Hakukosea. Mashine ya Sista ndiyo yenye sauti ya mtu, na watu kweli walikuwa wameitwa kwa uongo na kupotezwa. Basi nikaenda kwa Farida, nikarekodi sauti yangu vizuri, polepole, bila pua. Jumanne Sista akawasha kompyuta yake, akabonyeza alama. Siku hiyo mlango ulikuwa umewahiwa na redio. Walisikia kwaya, wakasikia matangazo ya vifo, wakasali pamoja nayo, wakazima. Sista akatuma habari kwa foni kwamba mashine imeimba vizuri lakini Victorine hayumo. Angewasha tena Jumamosi saa kumi alasiri, na mazutu, yaani dizeli ya jenereta yake, yangetosha mara hiyo tu.

Nilisimama juu ya kichwa cha Edouard mpaka aeleze. Akaandika amri ya herufi mbili tu, ss, na alama zake nyuma, ile inayoiuliza mashine nani amekaa mlango upi. Akaangalia jibu kwa muda mrefu kama mtu aliyemkuta shemeji yake kitandani mwake.

“Mama Victorine, si adui,” alisema. “Njo mugeni wetu.”

“Basi umutoshe inje.”

“Mugeni hatoshwake, Mama.”

Farida akaingia wakati huohuo, akasikia, na ugomvi ukaanza. Kwa watu wengine usingeuita ugomvi. Edouard akikasirika sauti inashuka. Farida akikasirika anaongeza heshima.

“Mimi nilikaribishwa, Papa Edouard. Ungeniambia mlango huo una mwenyewe.”

“Nilizania utauona, mutoto yangu.”

“Sikupekua, Papa. Sikulelewa kupekua.”

Jioni Edouard alitoka bila kuaga. Papa Kizito alishtuka hata akamfuata njiani kumuuliza nani amekufa.

Papa Adalbert akaona lazima waliogombana walishwe. Kwao, na kwa familia nyingi za hapa, waliokosana wanakaa kwenye sahani moja nyumbani kwa mtu wa tatu. Sahani ikiisha, jambo limezikwa. Atakayelifukua kwa mdomo wake amekula bure, na ugomvi wote unakuwa wake peke yake. Alhamisi mkewe akapika bukari, ugali wa kwetu, na samaki, mikebuka mikubwa ya kukaanga. Wote wakaenda, hata Papa Kizito alienda kuosha mikono. Mimi nilikuwa hewani nasoma habari. Hakuna aliyenibakizia hata kichwa cha samaki. Niliuma meno siku mbili, na kama si yaliyofuata ningekuwa nayauma mpaka leo.

Walirudi wakitabasamu, wakaanza kufanya kila mmoja kile kinachofanywa na mtu aliyelelewa vizuri.

Jioni ileile ya Alhamisi Edouard alifungua maagizo ya huduma yake, akaitoa elfu nane na kuipeleka elfu nane na themanini. Hakumwambia mtu. Kusema kungekuwa kufukua, tena kungekuwa kujisifu kwamba amesamehe. Ijumaa kila kitu kilikwenda sawa, redio mlango wake, sauti mlango wake. Farida akaona huduma yake imekaa elfu nane kwa raha siku nzima, akadhani redio ya Edouard imenyimwa mlango tena na mwenyewe amenyamaza kwa heshima. Akaona haya. Angeweza kuandika zile herufi mbili akajua ukweli, lakini kuangalia nako aliona ni kufukua. Kabla hatujazima mashine naye akaihamisha huduma yake kimyakimya, haya ikamsahaulisha alama ya Sista. Akaipeleka wapi? Elfu nane na themanini. Fundi wa kazi hii akikosa elfu nane, vidole vyake vinaenda huko vyenyewe, kama vile aliyekosa benchi ya mbele kanisani anavyokaa ya pili.

Jumamosi asubuhi Papa Kizito akawasha jenereta. Huduma zote mbili zikaukimbilia mlango mpya, zikagongana palepale. Elfu nane ulibaki wazi, hauna hata nzi.

Mimi nilifika saa tisa na nusu alasiri. Edouard amekaa mbele ya skrini, mikono juu ya magoti. Farida amesimama dirishani, amegeukia ziwa. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Kila mmoja alikuwa ameona kwamba mwenzake amemfuata mpaka kwenye mlango aliohamia, na kila mmoja aliamini amefuatwa kwa ubaya, baada ya samaki.

“Sauti za Jamaa inatembea?” niliuliza.

Edouard alipangusa kibodi ambayo haikuwa na vumbi.

“Edouard, nakuuliza.”

“Mama, siwezi kusema. Tulikula.”

“Farida?”

“Tulikula, Mama Victorine,” alisema kwa dirisha.

Mama yangu kesho anapanda baiskeli kwenda kufa, na hawa wamefungwa midomo na mikebuka. Halafu nikakumbuka kile kilichokuwa kimeniuma tangu Alhamisi, na kwa mara ya kwanza nikakishukuru.

“Miye sikukula,” niliwaambia. “Hata kichwa hamukuniletea. Kwa hiyo miye niko na ruhusa ya kuuliza, na anayejibu muntu ambaye hakukula hafukue kitu. Edouard, redio yako uliipeleka wapi?”

Akafikiri. Nilimwona akitafuta kosa kwenye sheria yangu na kulikosa.

“Elfu nane na makumi nane.”

“Na weye, Farida?”

Farida akageuka polepole. “Elfu nane na themanini.”

“Elfu nane iko na nani?”

“Haina muntu,” alisema Edouard, na uso wake ukafunguka. “Farida, uliniachia?”

“Wewe uliniachia, Papa?”

Wakaangaliana kwa huruma nyingi. Siku nyingine ningetaka wakumbatiane, lakini siku ile saa ilikuwa inakimbia.

“Basi kamata weye elfu nane,” alisema Edouard. “Weye njo mugeni.”

“Hapana, Papa. Wewe ndiye mkubwa, tena ulitangulia.”

“Siwezi, mutoto yangu.”

“Nami siwezi, wallahi.”

Nilipiga meza mpaka kitambaa cha mke wa Edouard kikaanguka. Nikawaambia mlango ule si wa Edouard wala wa Farida. Ni wa Sista, kwa sababu yeye yuko mbali na hajui mwingine. Nyie mlio ndani mnaweza kulala chumba chochote. Anayetoka mbali anajua mlango mmoja tu, na huo ndio awekewe mtu wa kumfungulia. Farida akakaa, akairudisha huduma yake elfu nane, akaiamsha.

Haikufungua. Nilimuuliza kuna nini tena. Akasema kwamba kwa kuwa aliiamsha mara nyingi asubuhi ile, ikaangushwa kila mara, huduma imeanza kukagua sauti zote ilizonazo, moja moja, na haitafungua mlango mpaka imalize. Sauti za makambi yote ya Kalemie. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kamili. Kule Ankoro mazutu yalikuwa yanaungua.

Niliketi chini, sakafuni. Sikulia. Nilibaki nasikia mama akiniambia nasema na pua. Ndipo nikakumbuka Jumanne, kwaya, na wale watu wa Ankoro waliosali na matangazo yetu ya vifo. Yeyote atakayekuwa kwenye elfu nane, Sista akibonyeza atamkuta.

“Edouard, redio inachukua wakati gani kuamka?”

“Redio? Palepale.”

“Iweke elfu nane. Farida, lalisha yako.”

Waliifanya kabla sijasimama. Nikakimbilia studio. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa inawaka, na ndani Papa Adalbert alikuwa anasoma vifo. Kwenye redio yetu hakuna anayeingia taa ikiwaka, hata kama nyumba inaungua. Nimewafukuza watu wengi mlangoni pale kwa mdomo wangu mwenyewe. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Miaka ya kazi ilinishika kama gundi.

Edouard akanipita. Hakugonga. Hakungoja. Alisukuma mlango kwa bega, akafika mezani, akamwondolea Direkteri mikrofoni mbele ya mdomo katikati ya jina la marehemu, akasema, “Pardon, Papa Direkteri.” Pardon hiyo ilisikika mpaka Kigoma. Kisha akanigeuzia mikrofoni.

Niliongea:

“Mama Pascasie wa Niemba, uko Ankoro kwa Sista Élisabeth. Ni miye Victorine, na pua yangu iko wazi, usikie vizuri. Usirudie Niemba. Nyumba iliungua, kijiji kiliungua, karanga nazo ziliungua, usizifuate. Siye wote tuko Kalemie, tuko wazima. Bakia kwa Sista. Kama unazania ni bongo, nakwambia kitu ambacho miye na weye tu tunakijua: ufunguo ya kabati unaufungaka ndani ya kilemba, upande wa kushoto. Mama, bakia pale.”

Nilirudia maneno hayo tena na tena. Papa Adalbert alikuwa amekaa na karatasi yake mkononi, mdomo wazi, akinisikiliza kama msikilizaji mwingine yeyote. Edouard alibaki amesimama mlangoni, akizuia watu wasiingie taa ikiwaka.

Redio haijibu. Unaongea, basi. Usiku huo sikujua kama nimesikiwa, na Jumapili nilipoamka nikahesabu moyoni: sasa wako misani, sasa misa imeisha, sasa wanafunga mizigo kwenye baiskeli. Kwenye foni hakukuwa na mtu, ni siku ya Bwana, na Jumatatu nayo Ankoro haikushika.

Kumbe mjini watu walikuwa wamesikia nusu. Walisikia vifo, wakasikia Mama Pascasie wa Niemba, wakasikia Victorine analia, wakaenda kutafuta makala, yaani mkaa, na unga wa matanga. Wa kwanza kufika alikuwa Papa Kizito, na machozi ya kweli, na gunia la makala begani. Nikamwambia mama hajafa. Akanishika mkono, akasema watu wote wanaanza hivyo, wanakataa. Wakaja wamama wa soko, wakaja jirani, wakakaa kwenye mikeka wakaanza kuimba. Edouard akaleta viti, akabisha hodi kwenye uwanja usio na mlango. Nilichoka kueleza. Tuliupika ule unga, tukakaa kilio kisicho na marehemu, na mimi nililia kuliko wote, kwa sababu sikujua.

Jumanne Farida alinipigia simu, akasema tu njoo. Sista alikuwa ameomba mazutu kidogo kwa wavuvi. Kwenye elfu nane, mlango ambao tangu siku ile ni wa Sauti za Jamaa, ilikuwa imeingia sauti moja kutoka Ankoro. Redio ilikuwa imehamia themanini kwa amani, na nilitangaza mwenyewe namba mpya kwa watu wa Kigoma. Edouard alinipa kiti. Farida akabonyeza.

“Victorine,” alisema mama yangu, karibu kabisa, kama yuko jikoni. “Nilikusikia. Wachuuzi walienda, miye nilibakia. Sasa weye, mutoto, unaambia inchi yote kule ninawekaka ufunguo? Watu ya Ankoro wananiangalia kilemba. Nilishaubadilisha, na sitakwambia wapi.” Akapumua. “Ule muntu alisema pardon, njo nani? Ni muntu wa heshima. Umupikie.”

Niliisikiliza sauti hiyo mpaka Farida akaniomba niwaachie wakimbizi wengine nafasi.

Nikapika. Mikebuka ya kukaanga na bukari, sahani moja kubwa katikati, Edouard upande huu na Farida upande ule. Edouard alikuwa amebisha hodi mlango ukiwa wazi na mimi nimesimama ndani yake. Waliponawa mikono wakanivutia kiti, wakanishikilia niingie sahanini nami, safari hii nisiseme nimesahauliwa.

Nilikataa. Nilijipakulia yangu kwenye bakuli la pembeni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Lazima abaki mmoja ambaye hajala, wa kuuliza.